Raundi Walizozikata

Jumamosi iliyopita wajukuu zangu walijazana sebuleni, simu mikononi, wakipiga kura kuchagua filamu bora ya michezo ya nyakati zote. Mmoja anashikilia ile ya timu ya mpira, mwingine ya mkimbiaji, wa tatu anasema bila ngumi hakuna filamu ya michezo. Walikuwa wanakatishana maneno na kuzodoana, na mimi nilikuwa nimekaa pembeni napepeta mchele, nafurahia kelele zao. Kisha mkubwa wao, Hemedi, akasema kama hakimu, "Iliyotokana na kisa cha kweli ndiyo inashinda. Pale hakuna uongo, watu wale walikuwepo kweli."

Wote wakakubali. Mdogo akanigeukia. "Bibi, na wewe chagua."

Niliweka ungo chini, nikaingia chumbani, nikafunga mlango. Watoto walidhani presha imepanda. Haikuwa presha. Ilikuwa hasira, na ilikuwa mbichi kama siku ile, nami wakati ule nilikuwa na miaka tisa. Nilidhani imekwisha. Miaka yote hii nimezika watu, nimejenga, nimesamehe mambo makubwa kuliko hilo, lakini hilo limekataa kutoka. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, wanaokumbuka gari la sinema likisimama Mnazi Mmoja na shuka jeupe likifungwa kwenye miti miwili. Hao sitahitaji kuwaeleza sana.

Nililelewa Kariakoo, Mtaa wa Sikukuu, kwa bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahamisi. Mama aliolewa mara ya pili huko Kilwa, akaniacha hapo. Nyumba ilikuwa ya udongo na bati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, ukumbi katikati, na ua nyuma. Ua ule ndio uliokuwa wa Mjomba Seif, mdogo wake mama. Alikuwa kuli bandarini. Akirudi jioni alinuka katani na nazi kavu, akioga ananuka sabuni ya mche, na baada ya hapo ananuka mafuta ya karafuu aliyojipaka mabegani, kwa sababu kazi yake ya pili ilikuwa ngumi. Alikuwa amening'iniza gunia la mchanga kwenye boriti ya jiko, na bibi akipika maharage huku gunia linapokea makonde, masizi yanadondoka sufuriani. Bibi alimsuta kila siku na hakumwambia hata siku moja aliondoe.

Mjomba hakuvuta sigara wala hakunywa pombe. Naomba hilo lishikwe vizuri. Hata togwa, akipewa kwa jirani, aliuliza kwanza imepikwa lini, asije akanywa iliyochachuka. Watu walimcheka kwa hilo.

Sisi watoto baraza letu lilikuwa ngazi za duka la vitambaa, ng'ambo ya mtaa. Duka lilikuwa la baba yake Kanta, Mhindi mpole aliyetuvumilia mradi tusishike khanga kwa mikono yenye mafuta ya mihogo. Kanta alikuwa shoga yangu, na alikuwa na kitu ambacho mimi na Rajabu, jirani yetu, hatukuwa nacho: Jumapili alikwenda sinema Uhindini na wazazi wake. Jumatatu alitusimulia, akisimama kwenye ngazi ya juu na kuigiza kila mtu. Sisi tuliona filamu za gari la sinema tu. Kulikuwa na watu waliokaa ofisini wakiamua Mwafrika aone nini na asione nini, lakini hilo nilikuja kulijua ukubwani. Wakati ule nilidhani filamu nzuri ni za Jumapili na sisi Jumapili tunakwenda chuo cha Kurani, basi.

Mchezo wetu ulikuwa kuchagua filamu kubwa kuliko zote za michezo. Kila mmoja anaweka kokoto kwenye ngazi. Kanta aliipigia kura filamu ya wapiga mieleka wa kwao, ambayo shujaa wake alikuwa amefiwa na mama na bado akamnyanyua mtu mnene mpaka juu ya kichwa. Rajabu aliitaka ya mbio za farasi. Mimi sikuwa nimeona chochote cha maana, kwa hiyo niliweka kokoto yangu kwa Kanta kwa sababu alisimulia vizuri.

Ndipo wakaja watu wa filamu kutoka ng'ambo. Walisikia kwamba Mjomba Seif atapigana na Koplo Yohana, askari wa jeshi aliyekuwa hajapigwa na mtu mjini. Bwana wao alikuwa Mzungu mwenye kaptula ndefu na mashine ya miguu mitatu. Hakujua Kiswahili. Aliyesema kwa niaba yake alikuwa mtu wetu mweusi, kijana mwenye tai shingoni hata jua la saa saba, na sisi watoto tukamwita Bwana Tai.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri, kwenye kiwanja cha wazi upande wa Ilala. Mimi nilikuwa mabegani mwa jirani, nikaona yote. Raundi ya pili Koplo Yohana alimpiga mjomba konde la taya, mjomba akaanguka. Nilisikia kishindo cha mgongo wake kwenye mbao. Refa akahesabu, na mjomba akakaa, akapiga goti, akasimama. Akapigana ya tatu. Akapigana ya nne. Ya tano alimfuata koplo mpaka kwenye kona, akampiga tumboni, halafu kichwani, na koplo akaanguka kifudifudi, asiamke mpaka alipomwagiwa maji. Watu waliingia ulingoni wakambeba mjomba juu juu. Uso wake ulikuwa umevimba upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa unacheka.

Siku chache baadaye Bwana Tai alikuja nyumbani. Alimwambia mjomba wanataka vipande vidogo vya kumalizia: Seif akitoka kazini, Seif mtaani. Nilifuatana nao mpaka kwenye ukuta wa ghala moja karibu na soko. Wakampa chupa ya soda iliyobanduliwa karatasi yake.

"Nifanye nini na hii?" mjomba akauliza.

"Unywe, ni soda tu," akasema Bwana Tai. "Kisha utembee ukijishikilia ukutani. Bwana anataka watu waone jinsi kazi ya bandarini inavyomchosha mtu, halafu bado akaenda kupigana. Ujifanye umechoka sana. Miguu iwe mizito."

Mjomba alifanya. Walimrudisha tena na tena: miguu iwe mizito zaidi, shikilia ukuta, cheka kidogo, sasa kaa chini. Alifanya kwa bidii, kama alivyofanya kila kitu. Mwisho Mzungu akampa mkono, na mjomba akanipa mimi soda iliyobaki. Ilikuwa ya machungwa, tamu, ya moto kwa jua. Niliimaliza kwa furaha.

Miezi ikapita. Katika miezi hiyo mjomba alichumbia. Binti aliitwa Zuhura, mtoto wa Mzee Salehe wa Mtaa wa Kongo, na posa ikakubaliwa kwa sababu jina la Seif lilikuwa juu. Kwenye ngazi za duka la baba yake Kanta, filamu ya mjomba ilikwishashinda kabla hatujaiona. Hata Kanta aliiondoa filamu yake ya mieleka kwenye nafasi ya kwanza. Kokoto zote tatu tuliziweka mahali pamoja.

Mtu alipopita na kengele kutangaza kwamba gari la sinema linakuja Mnazi Mmoja na filamu ya ngumi ya Dar es Salaam, bibi alitoa khanga mpya. Mjomba alivaa kanzu nyeupe. Mzee Salehe na ndugu zake walikuja pia, wakaketi kwenye mkeka karibu yetu, maana wakwe lazima waone. Baada ya Magharibi mashine ikawashwa. Filamu zile hazikuwa na sauti. Bwana Tai alikaa garini na kipaza sauti, akawa anatueleza tunachokiona.

Kwanza tukamwona Koplo Yohana akikimbia asubuhi, akinawa mikono, akila uji. "Huyu ni Bwana Hodari," kipaza sauti kikasema. "Analala mapema. Anasikiliza wakubwa wake."

Kisha akatokea mjomba. Alikuwa mkubwa kama nyumba, anapepesuka ukutani, chupa mkononi, anacheka peke yake.

"Na huyu ni Chapombe. Kazi hataki. Fedha yake yote ni ya chupa."

Watu walicheka. Nami nilicheka kidogo, kwa kuwa niliijua soda ile. Halafu nikatazama uso wa bibi nikanyamaza. Pale kwenye shuka mjomba alikaa chini kando ya ukuta, akaegemeza kichwa. Kisha ghafla tukawa ulingoni. Konde la taya. Mjomba akaanguka. Na papo hapo, bila goti, bila ya tatu, bila ya nne, bila ya tano, Koplo Yohana alikuwa ameinuliwa mkono, anapigiwa makofi. "Hivyo ndivyo pombe inavyomwangusha mtu," kikasema kipaza sauti, na filamu nyingine ikaanza, ya kupalilia pamba.

Mkono ule aliinuliwa Ilala kabla ya pambano, walipotambulishwa, na makofi yale yalikuwa ya mjomba. Watu wale waliokuwa wakirusha kofia kwenye picha walikuwa wakimrushia yeye. Wameyachukua, wakayashona kwa mtu mwingine.

Nilimtazama mjomba wa kwenye mkeka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili. Nyuma yetu walikuwa wanacheka watu niliowaona Ilala kwa macho yangu, watu waliombeba. Hao ndio sijawasamehe mpaka leo, pengine kuliko yule Mzungu. Mzungu hakumjua Seif. Hao walimjua, walikuwepo, na shuka jeupe liliwatosha. Mzee Salehe alikunja mkeka wake, akaondoka na watu wake bila kuaga.

Alikuja kesho yake na wazee wawili. Bibi aliwakaribisha ukumbini, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba.

"Bi Mwanahamisi," alisema, "mimi najua mwanao hanywi. Nimeuliza, nimeambiwa hanywi. Lakini mji mzima umemwona anakunywa. Nitamweleza nani, na nitaeleza mpaka lini?"

"Ueleze mpaka wachoke kuuliza," bibi akasema. "Mimi ndivyo nitakavyofanya."

"Wewe ni mama yake. Mimi nina binti."

Posa ikavunjika hivyo, kwa sauti ya chini, na kahawa haikunywewa.

Jina likabaki. Bandarini Chapombe, sokoni Chapombe, kwenye bomba la maji Chapombe. Watoto wa mitaa ya mbali walimfuata wakipepesuka. Kwenye ngazi za duka, Rajabu aliweka kokoto yake akasema filamu ya Seif bado ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu haijapata kutokea filamu iliyochekesha hivyo. Nilimng'ata mkono. Sikumwachia mpaka baba yake Kanta alipotoka na fimbo ya kupimia vitambaa, akatutenganisha. Kanta alilia. Alichukua kokoto zote akazitupa kwenye mtaro, na mchezo ule hatukuucheza tena.

Sasa nieleze nilivyofikiri mimi, maana hapo ndipo panaponiuma. Sikufikiri kwamba filamu imedanganya. Haikunijia kabisa. Nilifikiri watu wa kwenye shuka wanapigana upya kila gari linapokuja. Kila kitu nilichokijua kilikuwa hivyo: maulidi husomwa upya, ngoma huchezwa upya, na leo mwimbaji anaweza kukosea pale alipoimba vizuri jana. Basi nikaona kwamba Ilala mjomba alishinda, Mnazi Mmoja akashindwa, na kwamba gari likirudi atapata nafasi nyingine.

Lilitangazwa kurudi. Nilimkuta mjomba uani, anazungusha kitambaa mkononi, ingawa gunia alikuwa halipigi siku hizo.

"Mjomba, Jumamosi gari linakuja tena."

"Nimesikia."

"Safari hii usikae chini sana. Refa wao anahesabu haraka."

Aliacha kuzungusha kitambaa. "Unadhani tutapigana tena?"

"Wewe wa kule. Ndiyo."

Nilidhani atacheka, hakucheka. "Na yule wa kule," akauliza, "unafikiri ataamka?"

"Ataamka tukimwita. Mara ile hakuna aliyemwita. Watu walicheka tu."

Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, akanivuta karibu. Hakunieleza kitu. Mpaka leo sijui kama hakuweza au hakutaka kunivunja. Alisema tu, "Basi Jumamosi twende."

Bibi hakutaka. Tulikwenda mimi na mjomba, yeye na kanzu ile ile. Tulikaa mbele kabisa. Alipotokea Chapombe ukutani, watu wakaanza kucheka mapema, maana walishajua. Mjomba akainuka, akaenda akasimama mbele ya shuka. Picha yake mwenyewe ikawa inapepesuka juu ya kanzu yake nyeupe, kifuani, tumboni, usoni.

"Jamani," akasema. Sauti yake haikuwa kubwa. "Mimi ndiye huyu. Jina langu Seif. Chupa ile ilikuwa ya soda. Ilala nilianguka raundi ya pili, nikaamka, na raundi ya tano nikamwangusha yeye. Wengi wenu mlikuwepo. Naomba mmoja aseme."

Kulikuwa kimya. Nasema kweli, kulikuwa na kipande cha kimya ambacho mtu mmoja angeweza kusimama ndani yake. Nilisikia mashine ikizunguka. Kisha kipaza sauti kikakohoa.

"Mabibi na mabwana," akasema Bwana Tai, "mnaona wenyewe. Hata leo amelewa."

Kicheko kile sijapata kukisikia tena mahali popote. Kilitoka pande zote, na ndani yake nilikuwa nikipiga kelele "Amka, mjomba, amka," kwa sababu juu ya kanzu yake, wakati uleule, yule mwingine alikuwa anaanguka. Watu walio karibu walinisikia wakacheka zaidi. Askari wawili walikuja wakamshika mikono. Mjomba hakushindana nao. Walipokuwa wanampitisha kando ya gari mguu wake ulinasa kwenye waya wa mashine, akayumba, na hapo hata waliokuwa na shaka wakaridhika.

Alirudi nyumbani asubuhi. Aliliteremsha gunia, akamwaga mchanga wake uani, bibi akautumia kusugulia sufuria.

Siku nyingine ya juma hilo alikuja Koplo Yohana. Hakuvaa sare. Alimwamkia bibi, "Shikamoo, mama," bibi akasema "Marahaba" bila kumpa kigoda.

"Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Mimi sikujua wataifanya hivyo. Seif alinipiga. Alinipiga kweli, na nimewaambia wenzangu."

"Wenzako wapi?"

"Wenzangu, mama. Kambini."

"Humu ndani sote tunajua nani alimpiga nani," bibi akasema. "Hata huyu mtoto anajua. Unatuambia nini sisi? Toka nje hapo, usimame katikati ya soko, uliseme hilo neno."

Koplo alitazama viatu vyake. Alisema angepata matatizo kazini, kwamba mkubwa wake aliifurahia filamu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye mkeka. Mwisho alimwambia koplo, "Nenda kwa amani. Ulipigana vizuri." Koplo alitoka akiwa analia, na baadaye tukasikia amehamishiwa Tabora. Zamani nilimhurumia. Siku hizi simhurumii.

Mjomba hakupigana tena. Alibeba magunia bandarini mpaka mgongo ulipokataa. Alioa ukubwani, mwanamke wa Kigamboni ambaye hakuwahi kuiona filamu, wakazaa, wakaishi vizuri. Zuhura aliolewa Tanga. Bendera zikabadilishwa, yule Mzungu akaenda kwao, Bwana Tai akawa mtu mkubwa katika ofisi nyingine, na filamu yenyewe sijui iliozea wapi. Lakini jina halikwenda popote. Lilizeeka pamoja naye, likawa la mapenzi. Vijana waliozaliwa miaka mingi baadaye walimwita Babu Chapombe, wakimsaidia kuvuka barabara, na hakuna hata mmoja aliyejua limetoka wapi. Alikuwa anaitika.

Alipofariki nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima mwenye watoto. Siku ya mazishi Mtaa wa Sikukuu ulijaa. Wanaume waliporudi makaburini, mzee mmoja nisiyemkumbuka vizuri, mtu wa miaka ya zamani, alikuja mpaka kwenye mlango wa ua kunipa pole. Alimsifu sana marehemu. Alisema alikuwa mtu wa swala, mtu wa watu, mtu asiye na kinyongo.

Kisha akainama kidogo, akapunguza sauti kwa heshima ya msiba. "Samahani mwanangu, nimekuwa nikitaka kuuliza. Mjomba wako aliacha pombe lini?"

"Hakuacha," nikamwambia. "Hakuwahi kunywa."

Mzee akanitazama kwa huruma. Akaushika mkono wangu, akaupigapiga taratibu, kama mtu anayembembeleza mfiwa.

"Sawa, mama," akasema. "Sawa. Tumwombee tu."